Namna ya kuandika mateso yako katika barua ya kuomba chuo

Mimi ni muuguzi na nafundisha uuguzi hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Kila mwaka, matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakishatoka, vijana wananijia nyumbani Katindo wakiwa na barua zao za motisha. Wanaomba uuguzi, udaktari, sheria, afya ya jamii. Wengine wanataka kubaki hapa au kwenda Bukavu, wengine Kampala, wengine Butaro kule Rwanda, na wachache Ulaya. Karibu kila barua ina vita au volkano ndani yake, na swali ni lile lile: mama, niseme au ninyamaze?

Najibu kwa kuwasimulia barua yangu mwenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na nyumba yetu ya Birere ikazikwa. Miaka michache baadaye niliomba nafasi katika chuo kimoja cha afya. Nilijaza ukurasa mzima kwa moto ule. Siku ya mahojiano mama mmoja wa kamati aliusoma wote, akaweka karatasi chini, akaniuliza kwa upole: "Na wewe, binti yangu, ulifanya nini?" Nilikaa kimya. Kumbe nilikuwa nimefanya mengi. Tulipokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, ni mimi niliyelea wadogo zangu wawili, na kila asubuhi nilimsindikiza nyanya yangu aliyeungua mguu kwenda kubadilishiwa bandeji, hadi nesi akaanza kuniachia mimi niifungue. Hayo yote sikuyaandika hata mstari mmoja. Mwaka ule sikuchukuliwa. Swali la yule mama ndilo ninalowauliza wote wanaokuja kwangu, na hatua zilizo hapa chini zimetoka humo.

Hatua ya 1: Simulia kwa mdomo kabla ya kushika kalamu

Chukua simu, fungua kinasa sauti, simulia kwa Kiswahili cha nyumbani kama unayemwelezea shangazi yako. Dakika kumi zinatosha. Tumezoeshwa shuleni kwamba barua rasmi inafunguliwa kwa "nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yako ya juu", na mtu akianza hivyo kwa Kifaransa, yaliyompata yanageuka hotuba. Anaandika "ukatili usioelezeka wa vita" badala ya kusema kwamba daftari zake za biolojia zilibaki Sake, mji mdogo jirani na Goma. Sauti yako ya Kiswahili inakumbuka daftari. Sikiliza ulichonasa, andika kilichomo, halafu ndipo utafsiri.

Usiifanye kazi hii peke yako usiku. Ifanye mchana, mtu unayemwamini akiwa karibu.

Hatua ya 2: Amua kipi kinabaki kwako

Hakuna chuo chenye haki juu ya kidonda chako. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu vijana wengi wanaamini kwamba anayelia zaidi ndiye anayepewa nafasi au bursa (ufadhili wa masomo), na nimewaona wakiandika mambo ambayo hata mama zao hawajayasikia. Kipimo changu ni kimoja: je, mgeni akiniuliza juu ya jambo hili mezani, naweza kumjibu na bado nikaweza kula jioni hiyo? Kama huwezi, liondoe. Msichana aliyefanyiwa ukatili wa kimwili halazimiki kuutaja popote. Kama uliathiri masomo yake, sentensi hii inatosha: "Mwaka ule niliugua, nikatibiwa, nikarudi darasani muhula uliofuata." Ni kweli tupu, na mlango umefungwa.

Siri za wengine vilevile si zako. Ukitaka kuandika juu ya ugonjwa wa kaka yako au yaliyompata dada yako, nenda ukamuombe ruhusa kwanza.

Hatua ya 3: Funga tukio kwenye tarehe na kwenye masomo

Anayesoma dosie yako (faili la maombi) Kampala, au Leuven kule Ubelgiji, anaona pointi 71 mwaka mmoja na 54 mwaka unaofuata. Hajui kwamba mwisho wa Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka tena tarehe 22, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Hajui kwamba mwisho wa Januari 2025 mapigano yaliingia mjini na shule zikafungwa. Mwambie kwa sentensi mbili au tatu: lini, masomo yalikatika kwa muda gani, ulirudi lini. Halafu mwombe prefe (mkuu) wa shule yako cheti kinachothibitisha hayo, uambatanishe na bulteni (karatasi ya alama). Bila karatasi hiyo msomaji ana neno lako tu, na yeye amesoma maneno mengi.

Hatua ya 4: Jibu swali la yule mama

Hapa ndipo tunapotumia muda mrefu kuliko kote. Barua nyingi za kwanza zinafanana na hii niliyoitunga kwa mfano:

"Mimi ni mtoto wa vita. Tangu nizaliwe sijajua amani. Nimeona kifo, njaa na kambi, na ndiyo maana nataka kuwa muuguzi ili nisaidie nchi yangu inayoteseka."

Kila neno ni kweli, lakini maelfu ya vijana wa mji huu wanaweza kutia sahihi chini yake. Kamati ikimaliza kuisoma inajua habari za Kivu, eneo letu, na bado haijakujua wewe. Basi nauliza: siku ya kwanza kambini uliamka ukafanya nini? Nani alikutuma, nani alikufundisha? Ulikosea wapi? Kwa kawaida jibu la kwanza ni "hakuna kitu, mama". Nangoja. Baada ya chai kidogo linatoka, na barua inakuwa hivi:

"Februari 2024 tulitoka Sake kwa miguu, tukapata hema katika kambi ya Bulengo. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Watu waliteka maji ziwani, na kipindupindu kilikuwepo. Nilijiunga na timu ya kloro, dawa ya kusafisha maji. Kazi yangu ilikuwa kutia dawa kwa bomba la sindano katika kila bidoni (dumu) ya lita 20, kisha kumwambia mwenye nayo asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Wamama wengi hawakusubiri, kwa sababu watoto walikuwa na kiu. Niliacha kuwakemea. Nikaanza kuwauliza wana bidoni ngapi, na tukapanga moja ibaki imejaa tangu jana yake. Ndipo nilipotaka kujua kwa nini dawa inahitaji muda, na hakuna pale aliyeweza kunieleza vizuri. Nataka kusoma uuguzi ili niweze kulieleza."

Angalia kwamba mateso hayajafutwa. Hema lipo, kiu ipo, kutembea kwa miguu kupo. Lakini sasa kuna mtu anayeangalia, anayekosea njia na kuirekebisha, na swali analolipeleka darasani. Mwalimu akisoma hapa anaanza kumwona mwanafunzi wake.

Kama kweli hukufanya chochote zaidi ya kuokoka na kutunza wadogo zako, hiyo pia ni kazi. Andika jinsi ulivyoifanya: ulipika nini, ulipata wapi kuni, ulisoma saa ngapi watoto wakishalala. Usijipachike uongozi wa chama ambacho hakikuwepo. Siku ya mahojiano itajulikana.

Hatua ya 5: Weka kila kitu mahali pake

Soma maagizo ya chuo kabla ya kupima urefu. Ndugu zetu waliohamia Marekani wanaoomba vyuo vya udaktari kupitia AMCAS, mfumo wa maombi wa huko, wana insha ya herufi 5,300, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na kisanduku kingine cha hiari cha herufi 1,325 kwa mazingira magumu waliyopitia. Uingereza, kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo huko, inauliza maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000. Palipo na kisanduku cha peke yake, weka tukio humo, na insha kuu uiachie sababu zako za kutaka taaluma. Pasipo nacho, mateso yasizidi robo ya barua. Mwombe pia anayekuandikia barua ya mapendekezo aeleze ile miezi iliyokatika, kwa sababu ina uzito zaidi ikitoka kwa mwalimu.

Hatua ya 6: Linda watu

Usitaje kundi lenye silaha wala jina la kamanda, hata kama unayajua yote. "Mapigano yalipofika Sake" inatosha kwa kamati. Barua inakaa ndani ya simu, inapita mikononi mwa mwenye sibakafe (duka la intaneti), na simu inaweza kufunguliwa njiani au mpakani. Usiweke avenue (mtaa) unayoishi sasa ndani ya simulizi, wala picha za majeruhi kwenye dosie.

Hatua ya 7: Soma kwa sauti mbele ya watu wawili

Mmoja awe aliyekuwepo, akusahihishe tarehe. Mwingine awe asiyejua Goma, na ukimaliza muulize: "Umenijua mimi, au umejua vita?" Akianza kukupa pole kabla ya kukuuliza chochote juu ya masomo, rudi hatua ya 4.

Yaliyomo ndani ya barua yataulizwa kwenye mahojiano, basi yazoee. Tafuta sentensi moja ya kurudia njia pale koo litakapokaza, kama "baada ya hapo nilirudi shuleni Machi", na weka glasi ya maji karibu, hata kama unahojiwa kwa simu. Ukikwama, sema "naomba dakika moja", unywe, kisha uendelee kutoka kwenye sentensi hiyo.