Somo: Namna ya Kuwashirikisha Wenzako Kitabu Ambacho Bado Unakisoma

Somo hili linahusu taarifa fupi ambayo mpenzi wa jambo fulani huwaandikia wapenzi wenzake kuhusu kitabu alicho nacho mkononi, kabla hajakimaliza. Ninatia mkazo hapo kwenye kutomaliza, kwa kuwa wengi wetu huichukulia taarifa ya namna hii kuwa ni uhakiki uliowahi mno: wapo wanaokihukumu kitabu kizima ilhali wamefika sura ya tatu tu, na wapo wanaoona haya wakanyamaza mpaka wamalize, na wakimaliza wamekwisha kusahau yaliyowasisimua njiani. Msomaji aliye katikati ya kitabu ana kitu ambacho mhakiki hana tena, nacho ni kujua kitabu kinamfanyia nini mtu asiyejua mwisho wake. Hicho ndicho cha kuwapa wenzako, na hatua zote zifuatazo zimekusudiwa kukilinda.

Hatua ya 1: Weka alama ukiwa unasoma

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu huenda kwa kasi mwanzoni kisha hupungua mwendo. Kisa hukaa kichwani kuliko silabi tupu, lakini maneno yenyewe ya mwandishi hayakai, na ukisubiri wiki nzima utabaki na kumbukumbu kwamba kulikuwa na mahali pazuri sana usipojua pako wapi. Andika siku hiyo hiyo mambo matatu: mahali ulipo, maneno machache yaliyokugusa, na ulichowaza ulipoyasoma. Kitabu kikiwa chako, penseli pembezoni inatosha. Kikiwa cha kuazima, tumia kikaratasi.

Hatua ya 2: Kitambulishe kitabu kikamilifu

Jina la kitabu peke yake halitoshi, kwa sababu vitabu viwili visivyohusiana vinaweza kuwa na jina moja, na kitabu kimoja kinaweza kuuzwa kwa majina mawili katika nchi mbili. Taja mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na toleo. Kwa kawaida utayakuta nyuma ya ukurasa wa jina, penye maelezo ya hakimiliki. Kama ni tafsiri, mtaje na mfasiri, maana sentensi unayoisifu imepita mikononi mwake.

Kwa vitabu vya mafunzo, toleo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani toleo la tatu linaweza kuwa na sura ambayo haimo kabisa katika la kwanza. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, inasaidia hapa. Tangu Januari 1, 2007 namba hiyo ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10. Chapa ya jalada gumu, ya jalada jepesi na ya kielektroniki kila moja hupewa namba yake, hivyo ukiiandika namba hiyo mwenzako hawezi kukosea chapa unayoisoma.

Hatua ya 3: Sema umefika wapi, kwa namna ambayo kila mtu anaweza kupafuata

Hapa ndipo taarifa nyingi huharibika. Anayeandika "nipo ukurasa wa 112, kitabu kitamu sana" hajawaambia wenzake lolote, kwa kuwa ukurasa wa 112 katika chapa yake unaweza kuwa wa 97 katika chapa ya mwingine, na kwa anayesomea kwenye simu kurasa hubadilika kila akuzapo maandishi.

Tatizo hili ni la kale, na dawa yake nayo ni ya kale. Mgawanyo wa sura za Biblia tuliouzoea hunasibishwa na Stephen Langton, kiongozi wa kanisa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13. Mpiga chapa Robert Estienne akaja kuzitia namba aya za Agano Jipya katika chapa yake ya mwaka 1551, na tangu hapo watu wawili wenye Biblia za ukubwa tofauti na za lugha tofauti wanaweza kufungua mahali pamoja bila kuulizana kurasa. Mwanawe, Henri Estienne, alichapa kazi za Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mwaka 1578, na mpaka leo wanaomsoma Plato kwa makini, kwa lugha yoyote ile, hutaja namba za kurasa za chapa ile, ambazo wachapishaji huziweka pembezoni mwa matoleo mapya. (Baba na mwana, wote wapiga chapa, na wote wawili bado wanatuelekeza pa kufungua.)

Kwa hiyo, tumia migawanyo ya kitabu chenyewe: sura na kifungu kwa nathari, ubeti na mshororo kwa ushairi, tendo na onyesho kwa tamthilia. Taja pia idadi ya sura zote, kwa kuwa "sura ya 9 kati ya 24" inamweleza msomaji jambo ambalo "sura ya 9" haimwelezi. Sura zisipokuwa na namba, nakili maneno manne au matano ya mwanzo wa aya uliyofikia. Anayesoma chapa ya kielektroniki anaweza kutaja asilimia, ila akumbuke kwamba tanbihi na faharasa nazo huhesabiwa, hivyo simulizi huweza kwisha kabla ya asilimia 100. Anayesikiliza ataje sura, kisha dakika za ndani ya sura hiyo.

Hatua ya 4: Chagua kipande kimoja, na ukitazame kwa karibu

Usisimulie sura nzima. Muhtasari wa nusu kitabu hauna faida kwa aliyekisoma, na kwa asiyekisoma ni hasara. Chukua mahali pamoja tu, useme mwandishi anasema nini, kisha useme wewe uliwaza, ulifanya au ulishuku nini, na mipaka ya hayo mawili ionekane wazi. Maneno ya mwandishi yakae ndani ya alama za kunukuu kama yalivyo. Ulipoacha maneno, weka nukta tatu.

Chukulia kikundi cha watazamaji wa anga la usiku. Mmoja wao anasoma kitabu cha mafunzo na, baada ya kukitambulisha, anaandika hivi:

"Nimemaliza sura ya 4 kati ya 11. Mwandishi anasema sayari hutambulikana kwa kuwa nuru yake imetulia, ilhali nyota humeta. Nilitoka nje na kitabu mkononi, nikaona ni kweli kwa ile sayari iliyokuwa juu sana. Lakini nyingine iliyokuwa chini, karibu na upeo wa macho, ilikuwa ikimeta kama nyota. Sura ya 4 haigusii hilo. Je, nanyi mmewahi kuiona sayari ikimeta, na ilikuwa juu kiasi gani kutoka upeoni?"

Taarifa hii ni fupi, lakini kila mtu ana pa kuishika. Asiyekisoma kitabu amejifunza kitu na anaweza kutoka nje usiku huo huo kuhakikisha. Aliyekisoma anaweza kusema kama jambo hilo linaelezwa mbele. Mjuzi zaidi ataeleza kwamba nuru inayotoka karibu na upeo wa macho hupita katika hewa nyingi zaidi, hewa hiyo huiyumbisha, na hata sayari, ambayo kwa kawaida hutulia kwa kuwa tunaiona kama kisahani kidogo badala ya nukta, inaweza kumeta. Mwandishi wa taarifa hakujifanya anajua, wala hakumshutumu mwandishi wa kitabu kwa pengo ambalo huenda limezibwa katika sura ambayo hajaifikia.

Hatua ya 5: Linda taharuki

Kwa vitabu vya mafunzo hatua hii unaweza kuiruka. Kwa riwaya, hadithi fupi na tamthilia, na hata kwa baadhi ya vitabu vya historia na wasifu, usimwage mtama penye kuku wengi. Weka mstari wa tahadhari kabla ya jambo lenyewe, ukitaja kiwango: "Tahadhari: nazungumzia mpaka mwisho wa sura ya 9." Tahadhari isiyo na kiwango haimsaidii aliye sura ya 10, kwa kuwa hajui kama yumo salama au la.

Yapo maneno yanayofichua bila mwandishi wake kutambua. "Mhusika huyu msimzoee sana" tayari ni tangazo la kifo. "Subirini mgeuko wa mwisho" humfanya msomaji autafute mgeuko huo badala ya kusoma. Waliotangulia mbele nao wana wajibu wao: mtu akiandika kwamba anamshuku fulani, jibu la "hee, ngoja ufike sura ya 12" ni baya kuliko kumwambia ukweli mtupu, maana linamharibia dhana yake bila kumpa chochote mahali pake.

Hatua ya 6: Funga kwa swali linalojibika

"Mnaonaje?" ni swali ambalo kila mtu humwachia mwenzake. Uliza jambo ambalo mtu anaweza kulijibu kwa sentensi mbili kutokana na alichosoma au alichotenda, kama lile la sayari hapo juu. Swali moja latosha. Yakiwa matatu, watu watajibu lile jepesi.

Hatua ya 7: Rudi

Ukimaliza kitabu, au ukikiacha, rudi kwenye taarifa yako ya kwanza uongeze mistari miwili: dhana ipi ilithibitika na ipi ilianguka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu, na shukrani kwa somo. Mimi husoma vitabu vitatu kwa wakati mmoja, kimoja asubuhi, kimoja safarini na kingine kabla ya kulala. Je, niwashirikishe wenzangu vyote?

Jibu: Marahaba. Andika kuhusu kile ambacho kipande chake kimekukaa kichwani, viwili vilivyobaki uvitaje kwa mstari mmoja tu. Orodha ya majina ya vitabu ina manufaa kwa anayetafuta cha kusoma, lakini haianzishi mazungumzo. Ikitokea vitabu viwili kati ya hivyo vinapingana juu ya jambo moja, hapo una taarifa nzuri kuliko zote: weka vipande viwili kando kwa kando na uulize nani yuko karibu na ukweli.

Swali: Ndugu mtoa somo, umesisitiza sana kutofichua mwisho. Nimesoma mahali kwamba watafiti wamegundua kuwa kufichuliwa hakuharibu hadithi, bali huiongezea utamu. Kama ni hivyo, tahadhari hizi zote za nini?

Jibu: Utafiti huo upo. Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliuchapisha mwaka 2011, na wasomaji wao wa hadithi fupi kwa jumla walizipa alama za juu kidogo hadithi walizofichuliwa mapema. Lakini zile zilikuwa hadithi fupi za kusomwa kwa kikao kimoja, na tafiti nyingine zilizofuata zimepata matokeo yaliyo kinyume, kwa hiyo nisingeujengea kanuni. Hata kama ungekuwa sahihi kwa kila aina ya kitabu, uamuzi wa kujua mapema ni wa msomaji. Anayependa kusoma ukurasa wa mwisho kwanza anaufungua mwenyewe. Aliyekwisha ambiwa hana namna ya kurudi nyuma.

Swali: Je, badala ya kunakili kwa mkono naweza kupiga picha ya ukurasa na kuituma? Na mwenzangu asiye na kitabu akiniomba nimpigie picha sura nzima?

Jibu: Hayo ni mambo mawili tofauti. Mkataba wa Berne kuhusu kulinda kazi za fasihi na sanaa, ambao asili yake ni mwaka 1886 na ambao umerekebishwa mara kadhaa, unaruhusu katika kifungu cha 10 kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, mradi unukuzi uwe wa haki, usizidi kiasi kinachohitajika kwa lengo lake, na chanzo pamoja na jina la mwandishi vitajwe. Picha ya aya unayoijadili, yenye maelezo yako, inaangukia upande huo. Sura nzima iliyotumwa ili mtu asitafute kitabu haiwezi kuitwa nukuu. Mwelekeze mwenzako kwenye maktaba, au umwazime kitabu chako ukishamaliza. Pia angalia sheria ya nchi yako, kwa kuwa mipaka haifanani kila mahali. Mimi binafsi napendelea kunakili kwa mkono hata pale picha inaporuhusiwa. Mkono hupunguza urefu wa nukuu wenyewe.

Swali: Kitabu kimenishinda katikati na sitaki kukiendeleza. Naona aibu kuandika.

Jibu: Andika, na useme uliachia wapi hasa. "Kitabu kinachosha" ni hukumu, nayo haina mtetezi wala mpinzani. "Niliacha sura ya 6, pale mwandishi anapoanza kueleza vifaa kimoja baada ya kimoja bila kuonyesha vinavyotumika" ni habari. Mara nyingi atatokea mtu wa kukwambia kwamba ungeweza kuruka mpaka sura ya 8 na usipotee, au kwamba naye aliachia papo hapo.

Swali: Nimefuata hatua zote, mwalimu, na hakuna aliyejibu.

Jibu: Tazama kwanza swali lako la mwisho, kisha tazama kama kipande ulichochagua kinaeleweka kwa asiyekuwa na kitabu. Vikiwa sawa vyote viwili, endelea kusoma na uandike tena ukifika mahali pengine, bila kulalamikia ukimya. Wapo wanaosoma taarifa yako leo, wakaenda kukitafuta kitabu, na jibu lao litakuja watakapofika sura uliyoitaja.