Kula nje Nairobi bila nyama, bila maziwa na bila mafuta mengi

Kazi yangu ni kuuzia shule vifaa vya maabara. Asubuhi niko Kayole, saa sita niko Ngara, saa nane niko Kangemi, na chakula cha mchana nakila popote njaa itakaponikuta. Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na mafuta nayapunguza kadiri niwezavyo, kwa sababu ugonjwa wa moyo umetuchukulia watu wengi nyumbani na sitaki kuusubiri nimekaa. Wenzangu kazini huniambia mtu wa namna hii lazima abebe chakula chake kwenye mkebe. Si kweli. Mji huu una chakula cha kunitosha, tena cha bei nafuu, mradi ujue mafuta huingia kwenye sufuria wakati gani.

Upishi wetu wa kila siku una hatua mbili: chakula huchemshwa, halafu hukaangwa. Ndivyo yanavyopikwa maharagwe, ndengu, njahi na githeri. Maharagwe yaliyochemshwa tu hayafikishi gramu moja ya mafuta katika kila gramu 100. Yakishamwagwa kwenye kitunguu kilichokaangwa, hesabu inabadilika. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi za mafuta na kalori kama 120. Daktari Dean Ornish wa Marekani, katika utafiti wake wa wagonjwa wa moyo uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1990, aliwapa chakula ambacho mafuta yalikuwa karibu asilimia 10 ya kalori zote. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 22 tu. Vijiko viwili vya mafuta vinaimaliza na kuipita, kabla hujahesabu kitu kingine chochote. Ndiyo maana nikiingia hotelini sianzi na "mna nini leo?" Nauliza, "Ni kipi hamjakaanga bado?"

Kibandani

Anzia kibandani, wala usianzie hoteli kubwa. Pale aliyepika ndiye anayekupakulia, na unaweza kuongea naye akiwa ameshika upawa.

Fika mapema. Katika vibanda vingi vya karibu na gereji na mijengo, githeri na maharagwe huwekwa jikoni alfajiri, na kukaanga huanza wateja wa mchana wanapokaribia. Ukipita saa nne na nusu au saa tano, kuna uwezekano mkubwa ukute sufuria bado ni ya kuchemsha. Mimi husema hivi: "Habari ya kazi, mama. Nipimie githeri kabla hujaikaanga, unitilie chumvi kidogo na kachumbari juu." Kachumbari ya kibandani ni nyanya, kitunguu, dhania na pilipili, na ndimu ukiiomba. Haina hata tone la mafuta. Githeri ya moto chini ya kachumbari baridi iliyokamuliwa ndimu ni chakula ninachokipenda kwa dhati, na ningekila hata kama moyo wangu haungenidai kitu.

Mara ya kwanza mama atasita. Kwake mafuta ni heshima kwa mteja. Kukupa chakula kikavu ni kama kukunyima, na anaogopa utamsema mtaani kwamba anabana. Mpe sababu. "Kwetu tuna ugonjwa wa moyo, mama, nami nalinda wangu." Maneno hayo yanaeleweka haraka, maana karibu kila familia ina mtu wa presha au wa sukari. Mama mmoja wa Industrial Area siku hizi hunitengea bakuli kabla ya kuweka mafuta jikoni, na ameanza kumtengea pia dereva wa lori mwenye presha.

Ukichelewa ukakuta kila kitu kimekaangwa, itazame sufuria kabla ya kuagiza. Mchuzi wa ndengu ukitulia hujitenga. Juu huelea utando mwekundu wa mafuta yaliyovuta rangi ya nyanya na viungo, na chini ndengu zimelala nzito. Upawa ukichota juu, sahani yako inabeba mafuta ya watu kadhaa. Mwombe mama asikoroge. Autenge utando kando kwa mgongo wa upawa, auzamishe upawa huo hadi chini, anyanyue ndengu zenyewe, kisha auegemeze upawa kwenye ukingo wa sufuria hadi mchuzi udondoke. Chakula hicho bado kina mafuta, lakini tofauti utaiona ukimaliza kula, kwa sababu sahani haibaki na pete inayong'aa.

Ugali ni unga na maji, kula bila wasiwasi. Wali ni wa kuulizia, kwa kuwa wapishi wengi huutilia mafuta ili punje zisishikane. Chapati iache, maana mafuta yamo ndani ya unga na yapo tena kwenye kikaango. Sukuma wiki huiva kwa dakika chache, kwa hiyo pasipo na msongamano mpishi anaweza kukupikia fungu lako kando kwa nyanya, kitunguu na maji kidogo. Mimi humwongezea shilingi ishirini au thelathini kwa usumbufu huo, na naona ni haki yake.

Mboga za kienyeji ndizo huwanasa watu. Managu, kunde na terere mara nyingi hutiwa maziwa au malai kupunguza uchungu, na yakishaiva jicho haliyatambui. Uliza moja kwa moja: "Hizi zina maziwa?" Mrenda ni salama zaidi. Katika hoteli za mapishi ya magharibi huchemshwa kwa magadi au munyu, mara nyingi bila mafuta, na ukiletewa na ugali wa wimbi hutahitaji kitu kingine hadi jioni. Mukimo wa nyumbani ni viazi, mahindi na majani ya malenge, lakini wa hotelini huenda umetiwa kitunguu cha kukaanga au siagi.

Asubuhi hakuna shida kabisa: nduma, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na strungi. Usisahau kusema strungi, kwa sababu ukisema "chai" tu utaletewa ya maziwa.

Parachichi nalo linatoka mtini, ila gramu 100 zake zina mafuta kama gramu 15, na nusu ya lile kubwa inaweza kupita uzito huo. Sijaliacha kabisa. Naomba kipande chembamba.

Namna ya kusema

Usiseme "sili nyama" ukadhani umemaliza. Kwa watu wengi hapa nyama ni ya ng'ombe au mbuzi, na mhudumu atakuuliza kwa nia njema kabisa kama akuletee kuku. Taja kimoja kimoja: "Sili nyama, kuku, samaki, mayai, maziwa, siagi wala samli." Halafu uliza swali la pili ambalo wengi hulisahau: "Maharagwe haya yametiwa supu?" Kuna wapishi wanaoongeza supu ya nyama au viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama ili kuyakoleza. Hali ni hiyo hiyo kwa wali wa hoteli nyingi za Kisomali za Eastleigh. Ni mtamu, lakini mara nyingi umepikwa kwa supu ya mbuzi. Na kwenye hoteli za chakula cha pwani, mbaazi na maharagwe ya nazi hayana mnyama hata kidogo, lakini tui zito lina mafuta mengi, kwa hiyo mimi huyapita.

Hoteli za Kiethiopia

Hizi nazithamini kuliko zote. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, pamoja na Kwaresima yao ya siku 55 hivi, na katika mfungo hawali nyama, mayai wala maziwa. Kwa hiyo mpishi wa Hurlingham au Kilimani humfundishi lolote kuhusu chakula cha mimea pekee. Agiza yetsom beyaynetu, sinia la mfungo. Litakuja na injera, yaani mkate wao mwembamba wenye uchachu, misir ya dengu nyekundu, kik alicha ya njegere za manjano zilizopasuliwa, gomen ambayo ni jamaa wa sukuma wiki, na tikil gomen ya kabeji, karoti na viazi. Siku nyingine za wiki sema wazi kwamba unataka ya mfungo, kwa kuwa baadhi ya mapishi hutumia siagi yao ya viungo.

Angalia tu kwamba mfungo huo haukatazi mafuta ya mimea. Misir na shiro, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, ndizo huja zikimeremeta zaidi. Hata hivyo wapishi wao wanajua kuivisha kitunguu kikavu, bila mafuta, hadi kilainike. Mafuta hufuata baadaye. Ukiomba yapunguzwe, hujawaomba jambo geni. Mimi huomba misir kidogo, gomen na kabeji kwa wingi, na saladi isiyotiwa mafuta. Kisha nakula kwa injera zilizokunjwa pembeni. Ile iliyotandikwa chini ya vyakula hunyonya mafuta yote ya sinia. Najua wengi huihesabu kuwa tamu kuliko zote, lakini mimi naiacha.

Ngara na Parklands

Hoteli za Kihindi zisizopika nyama ni nyingi, ila kutopika nyama kwao hakumaanishi kutotumia maziwa. Samli, paneer (jibini la Kihindi) na mtindi viko kila mahali. Tafuta zinazopika vyakula vya kusini mwa India na uagize idli: mchele na dengu zilizosagwa, zikachachushwa, kisha zikapikwa kwa mvuke. Kula na sambar, mchuzi wa dengu na mboga, na chatini ya nazi isogeze pembeni. Dosa hupakwa mafuta au samli kwenye chuma, kwa hiyo usiiagize badala ya idli.

Dali nayo hufuata zile hatua mbili za kibandani. Dengu huchemshwa kwanza, na viungo vilivyokaangwa, yaani tadka, humwagwa mwishoni. Sema "dali bila tadka, na chapati kavu bila samli." Naan nyingi zina mtindi au maziwa.

Hoteli za kwenye maduka makubwa

Piga simu kabla, au ingia kabla ya saa sita, maana jikoni kukishawaka hakuna wa kukusikiliza. Viazi vya kuchemsha, mboga za mvuke na wali mweupe hupatikana karibu kila mahali. Mchuzi uletwe kando. Bei itakuuma.

Jambo moja la afya lisisahaulike. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, kwa hiyo mwenye kula hivi anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Na chakula chenye mafuta kidogo namna hii ni cha mtu mzima, usikipeleke kwa mtoto mdogo.

Wateja wakikualika nyama choma

Nenda, usikatae. Ukifika, wao wakichagua nyama kwenye kaunta, wewe zungumza na anayechoma. Mwombe akuwekee mahindi au viazi vitamu pembeni ya moto, vimefungwa kwa karatasi ya fedha, ili mafuta ya mbuzi yasividondokee. Nyama huchukua muda mrefu kuiva, kwa hiyo vyako vitakuwa tayari kabla. Agiza ugali, na kachumbari yako iletwe kwenye sahani yake, kwa sababu ile ya pamoja huwekwa juu ya ubao uleule unaokatiwa nyama.