Anza na siku yako mbaya: namna ya kulinganisha njia za kuzuia mimba

"Aunti, njia ipi ndiyo nzuri?" Wasichana huniuliza hivyo kabla hata hawajakaa, na siku hizi wavulana nao huuliza. Nimekuwa muuguzi wa uzazi wa mpango kwa miaka 19 na jibu la swali hilo sinalo. Huwa nawarudishia langu: mwezi uliopita, siku gani ilikuwa mbaya kuliko zote, na usiku wake ulilala wapi? Wanacheka wakidhani nawatania.

Sitanii. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa msichana wa miaka 17 vidonge vya majira. Nilimweleza vizuri tu: kimoja kila siku, saa ile ile, paketi ina 28, vya mwanzo 21 vina homoni na 7 vya mwisho havina dawa, vipo ili usipoteze mazoea. Akaitikia kila neno. Miezi michache baadaye akarudi na mimba, na paketi iliyotoka vidonge tisa. Alikuwa anaishi bweni, na vidonge alivificha ndani ya kiatu nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa anakwenda mwisho wa wiki tu. Mimi sikuwa nimemuuliza ataviweka wapi. Dawa haikuwa na kasoro na mtoto wa watu hakuwa mjinga. Nilimpa njia iliyomfaa mtu mwingine.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika siku yako mbaya. Ulisafiri? Uliumwa? Mligombana nyumbani ukalala kwa rafiki? Simu ilizima? Sasa kila njia nitakayoitaja iulize: siku ile ningekuwa salama?

Kuna namba mbili unazotakiwa kuzielewa kwanza, maana mabango mengi huonyesha moja. Ya kwanza ni ya wanaotumia njia bila kukosea hata siku moja. Ya pili ni ya watu kama mimi na wewe. Wakitumia vidonge vya majira bila kosa mwaka mzima, chini ya mmoja kati ya wanawake 100 ndiye atakayepata mimba. Katika maisha ya kawaida ni kama 7. Kondomu ya kiume ni 2, halafu 13. Kumwaga nje ni 4, halafu 20. Sindano ni chini ya mmoja, halafu 4. Kijiti ni chini ya mmoja, halafu tena chini ya mmoja, kwa sababu kikishaingia mkononi hakikuombi ukumbuke chochote. Wasiotumia njia yoyote ni kama 85. Namba mbili zikiachana sana, ujue pengo hilo limejaa siku mbaya.

Kijiti ni kifimbo laini, kinakaribia ukubwa wa njiti ya kiberiti, kinawekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu baada ya sindano ya ganzi. Kuna cha kimoja na kuna vya viwili, na hudumu miaka mitatu hadi mitano kulingana na aina. Hakitembei mwilini kwenda moyoni. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia kwa niaba yenu. Kinachowarudisha wasichana kwangu wakitaka kitolewe ni damu: matone yasiyo na ratiba, wiki hii yapo, wiki ijayo hayapo, au hedhi kutoweka kabisa. Wengi huogopa kwamba damu isiyotoka inajikusanya tumboni. Haijikusanyi. Homoni hufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kumwagika. Lakini jiulize kwa dhati: kama mama yako ndiye anayehesabu pedi, mabadiliko hayo utayaelezaje? Njia iliyofichika mkononi inaweza kukuumbua bafuni. Habari njema ni kwamba ukikitoa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi.

Kitanzi, ambacho wengine huita lupu, nacho ni cha wasahaulifu. Cha shaba hakina homoni na huweza kukaa miaka 10 na zaidi, ila miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na tumbo hukata zaidi. Kama hedhi zako tayari zinakulaza kitandani, uliza kile cha homoni, ambacho kwa kawaida hupunguza damu. Kuwekwa kunauma, sitakudanganya, ingawa ni kwa dakika chache. Na ukiambiwa ni cha waliokwisha kuzaa tu, mwambie muuguzi mwenzangu kwa heshima kwamba Shirika la Afya Duniani halisemi hivyo.

Sindano ya miezi mitatu huchaguliwa na wengi kwa kuwa haiachi alama wala paketi. Mimi huwaambia mambo mawili kabla. Ukishachomwa, ukichukia inavyokufanya huwezi kuitoa; utasubiri iishe. Na ukiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata karibu mwaka, jambo linalozaa uvumi kwamba sindano inafunga kizazi. Haifungi, inachelewesha. Wengine huongezeka uzito. Tarehe ikikupita, usijifiche kwa aibu, nenda hivyo hivyo.

Vidonge sivichukii, msinielewe vibaya. Vinapunguza maumivu ya hedhi, vinapanga siku, na wengine hupungua chunusi. Vinamfaa yule ambaye siku yake mbaya bado ina meza ya kitanda na saa ya kengele. Ukisahau kimoja, kimeze mara ukumbukapo na uendelee na ratiba. Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja upesi, endelea kama kawaida, na kondomu itumike siku 7 zinazofuata. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, au aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, asitumie vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Na kama unameza dawa za kifua kikuu, za kifafa au za VVU, zitaje kwa majina: baadhi yake, rifampisini ikiwa mojawapo, hudhoofisha vidonge na hata kijiti.

Kuhesabu siku salama sikupendekezi kwa umri wako, na sababu yangu ni hesabu yenyewe. Mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwili. Yai huishi kama siku moja, na hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Ili hesabu ikubali lazima ujue hedhi ijayo ni lini. Katika miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko hurukaruka, kwa hiyo unahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe usiyoijua.

Yote niliyotaja mpaka hapa, ukiacha kondomu, hayazuii ugonjwa hata mmoja. VVU, kisonono, klamidia, ambayo mara nyingi haina dalili yoyote, vyote vinampata mwenye kijiti kama vinavyompata asiye nacho. Kondomu peke yake ndiyo inayofanya kazi zote mbili, ndiyo maana nawaambia waiongeze juu ya njia nyingine. Wavulana, hapa ndipo zamu yenu: soma tarehe ya mwisho, bonyeza pakiti usikie kama kuna hewa, usiifungue kwa meno. Usiitembeze kwenye pochi, joto na msuguano huiharibu. Mafuta ya kujipaka mwilini hudhoofisha mpira wa lateksi ndani ya dakika chache. Kilainishi cha maji ndicho sawa. Usivae mbili kwa pamoja.

Vidonge vya dharura vipo kwa ajili ya siku mbaya yenyewe. Vile vya levonojestreli humezwa mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 72. Vya ulipristali hadi saa 120. Na kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazishinda zote. Vidonge hivyo huchelewesha yai kutoka. Kama mimba imeshatunga, haviitoi.

Na kutofanya ngono kabisa pia kuko mezani pangu, hakujafichwa kwenye droo ya chini. Kuchague kwa kuwa unataka hivyo, bila haja ya kumpa mtu maelezo. Kama hukukubali, au mtu amekulazimisha, au ni mtu mzima anayekuambia hii ni siri yenu, hapo tena hatuchagui njia: kosa ni lake, na wewe mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini ufike kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa kinga dhidi ya VVU nayo ina muda huo huo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika chumba changu nimeona kinyume chake, waliokuwa wakificha maswali ndio waliorudi na mimba. Kwa hiyo ukija, njoo na karatasi yako na useme wazi: siku mbaya yangu ni hii, dawa ninazomeza ni hizi, anayelala chumba kimoja nami ni fulani. Uliza pia ni nani ataona faili lako na kama nyumbani watapigiwa simu, na uulize kabla hujataja jina.

Ukishachagua, kadi ya kliniki itapotea, zote hupotea. Iandike tarehe ya kurudi kliniki nyuma ya daftari la hesabu, tarehe peke yake bila maneno. Atakayeiona atadhani ni ya mtihani.