CD za 2005 zenye kinga ya kunakili: soma kasha kabla ya kuitia kwenye kompyuta

Ukinunua CD iliyotolewa Marekani mwaka 2005, hata kama ni mpya na bado imefungwa nailoni, isome kwanza kasha. Mwaka huo kampuni ya muziki ya Sony BMG ilitoa albamu 52 zenye kinga ya kuzuia kunakili iitwayo XCP, na nyingine nyingi zenye kinga ya aina nyingine, MediaMax. Zile za XCP ziliondolewa madukani Novemba 2005, ila zilizokwisha kuuzwa bado zinazunguka kwenye soko la mitumba.

Tazama ukingo wa kushoto wa jalada la mbele: utakuta maneno "Content Protected". Nyuma kuna kisanduku cheusi na cheupe kinachotaja vifaa inavyokubaliana navyo. Humo kuna anwani ya mtandao: ikiishia na "xcp" ni XCP, ikitaja SunnComm ni MediaMax.

Muziki wenyewe haujafungwa, na hilo ndilo la kushika. CD hizi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni nyimbo za kawaida, ndiyo maana deki ya nyumbani inazipiga bila shida. Ya pili ina programu, ambayo Windows XP huiendesha yenyewe mara CD inapoingia. Programu hiyo huweka draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) kati ya kisomaji cha CD na programu zako nyingine, kisha huvuruga sauti unapojaribu kunakili. XCP huenda mbali zaidi: huficha kila faili ambalo jina lake linaanza na $sys$. Huo ni uvamizi wa kompyuta ya mtu aliyelipa pesa yake halali, na waandishi wa virusi waliutumia upesi kuficha vitu vyao humo humo.

Kwa hiyo kazi yako ni kuizuia programu isianze. Kwenye XP, bonyeza Shift ya kushoto, tia CD, na usiiachie mpaka taa ya kisomaji itulie. Huweza kuchukua nusu dakika. Usitumie ya kulia, kwa sababu ukiishikilia sekunde 8 Windows huleta dirisha la FilterKeys. Mwaka 2003 Alex Halderman, mwanafunzi wa Princeton, alionyesha kwamba Shift peke yake inatosha kuizuia MediaMax. Kampuni iliyoitengeneza ilitishia kumshtaki, kisha ikaghairi. Usitegemee kukataa mkataba unaotokea kwenye kioo: MediaMax huweka faili zake kabla hujajibu.

Kwenye Windows 10, ingia Settings, Devices, AutoPlay, uizime kabisa. Kisha nakili kwa Exact Audio Copy, programu ya kunakili CD, ukichagua hali ya "Secure" na faili za FLAC, zinazobana sauti bila kupunguza ubora. Dakika moja ya muziki usiobanwa ni takriban MB 10; FLAC huipunguza hadi karibu nusu. Usitumie kichezaji kilichomo ndani ya CD, kwa sababu nakala zake zina kufuli na idadi yake ina kikomo.

Kama CD ilishaingia kwenye kompyuta ya XP, tengeneza faili liitwalo $sys$jaribio.txt. Likitoweka machoni, XCP imo. Usifute faili zake kwa mkono: draiva zikiondoka vibaya, kisomaji cha CD hupotea kwenye Windows. Fungua dirisha la amri, andika sc delete $sys$aries, kisha uwashe upya. Hapo maficho yanafunguka, ingawa draiva nyingine zinabaki. Njia salama zaidi ni kuhifadhi kazi zako na kuweka Windows upya.

CD za Ulaya zenye kinga iitwayo Cactus Data Shield, za miaka ya 2001 hadi 2003, ni habari nyingine. Humo makosa yamepandikizwa kwenye data ya diski yenyewe, basi Shift haina msaada. Hata baadhi ya redio za magari hukwama, kwa kuwa hutumia visomaji vya aina ya kompyuta. Philips ilisema CD za namna hii hazistahili nembo ya "Compact Disc Digital Audio", hivyo itafute kwenye kasha. Ikikosekana, nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa mzigo, na ujaribu visomaji viwili au vitatu vya watengenezaji tofauti: kimoja hukataa kabisa, kingine husoma nyimbo zote bila mkwaruzo.