Kupata Riwaya za Katuni Maktabani na Kufufua Klabu ya Usomaji Dodoma
Ukiingia katika maktaba ya umma jijini Dodoma, usiishie kwenye rafu za hadithi, kwa sababu katika mpangilio wa Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, riwaya za katuni huwekwa namba 741.5, miongoni mwa vitabu vya uchoraji, ingawa nyingine huchanganywa na vitabu vya watoto. Mwombe mkutubi atafute pia kwa jina la mchoraji, ambaye mara nyingi si mwandishi.

Nakala moja yatosha kuamsha klabu iliyolala. Wapigie simu wanachama wa zamani mmoja mmoja, mkutane Jumamosi asubuhi, kisha kila mmoja asome kwa sauti maneno ya mhusika wake huku wote mkiutazama mchoro. Naamini usomaji huo huwarudisha hata waliochoshwa na vitabu vinene.