Injini inalia mlio usioujua? Angalia haya kabla hujampa fundi funguo, na kabla ya safari

Wiki mbili kabla ya safari ya Desemba kwenda Moshi, IST yetu ilianza kulia ka-ka-ka-ka kila nikiwasha asubuhi. Humo ndani wanapanda mama watoto na watoto watatu, sikutaka kubahatisha, nikaipeleka kwa fundi, akasikiliza kama dakika moja hivi, hata boneti hajafungua, akasema injini imenoki, yani imeharibika ndani, tuishushe. Nikaomba muda. Kuja kuangalia kwa utulivu ni lile bati linalokinga joto la eksozi, bolti yake imekatika kwa kutu, tukalibana na klipu ya chuma mlio ukaisha. Nilikuwa nusu nilipe hela ya injini kwa kosa la bati, ndo maana naandika hapa kwa mwenye gari la familia anayejiandaa na safari.

Kitu cha kwanza kabisa ni oili, na namaanisha kabla ya kitu kingine chochote. Paki sehemu iliyo sawa, zima, subiri dakika 5 au 10 ili oili ishuke, vuta stiki ya kupimia oili, ifute, izamishe tena ndo usome. Ikiwa chini ya alama ya chini usiendelee kuwasha eti usikilize mlio vizuri, ongeza kwanza, maana tapeti (zinazosukuma valvu) na chaini ya ndani ya injini vinapiga kelele kwa kukosa oili tu na kelele zingine zinaondoka zenyewe ukijaza. Lakini jiulize imeenda wapi, angalia chini ya gari kama kuna matone na moshi wa bluu nyuma.

Halafu ujue mlio unakuja lini, hii hakuna fundi atakayekufanyia maana gari unaishi nalo wewe. Ni asubuhi injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Unaongezeka ukipiga resi gari limesimama? Kama ukipiga resi gari limepaki hakuna kitu ila ukitembea unasikia wuuuu unaokua kadri spidi inavyopanda, hiyo mara nyingi ni bearingi ya tairi, injini haina shida. Kata-kata-kata ukikata kona mara nyingi ni jointi za ekseli za mbele. Zima AC usikilize, ukikata mlio hapohapo basi angalia kompresa na puli yake. Rekodi kwa simu, na uirekodi ile washa ya kwanza ya asubuhi, maana ukifika gereji saa 6 mchana gari lina moto halitalia, utaonekana unaota.

Mlio wa kupiga kelele kama panya, wiiiii, hasa ukiwasha taa na AC kwa pamoja, hapo mshuku feni belti. Mwagia belti maji kidogo tu upande wake wenye mistari injini ikiwa silensa (inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta), mikono, kanga na mikono ya shati viwe mbali kabisa na puli. Mlio ukinyamaza kidogo ukarudi, belti imechakaa au puli hazijakaa mstari mmoja, ukizidi basi mara nyingi imelegea. Ukiwa wa kusaga, grrrr, fundi anaweza kuivua belti na kuwasha injini sekunde chache tu, mlio ukipotea tatizo liko kwenye altaneta, wota pampu (inayozungusha maji ya kupoza injini) au puli za pembeni, na izo zote hazihitaji kushusha injini. Usiiache iendelee hivyo maana kwenye injini kama 1NZ ya IST belti hiyohiyo ndo inazungusha wota pampu.

Watu wa Noah zenye injini ya D4 (inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda), ule mlio wa ti-ti-ti-ti kama cherehani unatoka kwenye pampu ya mafuta na nozeli, kwa kiasi fulani ndivyo zilivyo. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko, yani jana haukuwa hivi.

Chaini nayo, ikilia krrr sekunde moja mbili ukiwasha asubuhi afu ikanyamaza, mwambie fundi aangalie tenshena (kinachoikaza chaini) na chaini yenyewe mapema. Kama gari lako badala ya chaini lina mkanda wa taiming, sio ile feni belti, mfano zile za zamani za 3S au 5A, na hujui ulibadilishwa lini, badilisha kabla ya safari, kwenye nyingi za hizo ni kila kilomita 100,000, na mkanda unaweza kukatika bila kulia hata siku moja.

Sasa mlio ninaouogopa kwa dhati ni ule mzito wa ndani, gongo gongo gongo, unaotoka chini ya injini na unazidi ukikanyaga mafuta ukiwa kwenye mlima. Hiyo mara nyingi ni bearingi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Fundi achomoe soketi za koili (zinazopeleka moto kwenye plagi) moja baada ya nyingine, silinda ambayo ukiichomoa kugonga kunapungua, hapo ndo penyewe. Gari la hivyo usilipeleke Moshi, hata Kibaha usilipeleke, livutwe. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka unatembea, na hata kama hausikii mlio wowote, paki pembeni palipo salama na uzime hapohapo, usiseme nitafika Segera huko mbele ndo niangalie, kwa sababu injini inaweza kufa kwa dakika chache.

Gereji mweleze fundi mlio na mchezeshee ile rekodi, usimwambie ugonjwa. Akisema injini ifunguliwe muulize amepima nini, presha ya oili ameipima? Kama hajapima lipeleke gari kwa fundi wa pili asikilize.

Ukishatengeneza, usiondoke siku hiyohiyo. Mimi huwa naendesha mpaka Mlandizi na kurudi, redio imezimwa na vioo vimeshushwa, narudi nyumbani nafungua boneti naangalia maji na oili kama vimepungua, afu asubuhi yake nawasha tena nikiwa nimesimama nje, nasikiliza.