Kuunda Khopeshi kwa Ajili ya Mchezo wa Kompyuta, Hatua kwa Hatua

Mchezo wa Assassin's Creed Origins, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2017, umewafahamisha wachezaji wengi ule upanga uliopinda wa Misri ya kale, yaani khopeshi. Hata hivyo, hadithi ya mchezo huo inaanza mwaka 49 KK, ilhali khopeshi ilikwisha kuachwa vitani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kleopatra, malkia wa Misri wa wakati huo. Kwa hiyo anayetaka kuiunda kwa uaminifu na aige masalio yenyewe.

Hatua ya 1. Tafuta picha za khopeshi mbili za kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922. Iliyo kubwa ina urefu wa karibu sentimita 60. Ingiza picha ya ubavuni katika Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, na uipe kipimo hicho kabla ya kuchora chochote.

Hatua ya 2. Fuatisha umbo kwa mstari wa mkunjo: mpini, shingo iliyonyooka, kisha tao. Makali yawe upande wa nje wa tao, kwa kuwa silaha hii ilitokana na shoka la vita, na upande wa ndani uache butu. Ukiunoa huo wa ndani, umeunda mundu wa kuvunia.

Hatua ya 3. Lipe umbo unene. Shaba iliyochanganywa na bati ilimiminwa katika kalibu, bapa na kiini cha mpini vikatoka pamoja, hivyo usiweke kiungo kati yake.

Hatua ya 4. Rangi ndiyo kazi yenyewe. Picha za makumbusho huonyesha kutu ya kijani, nayo hutokana na karne nyingi za kukaa ardhini. Upanga ulio mkononi mwa askari hai ulikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea hudhurungi. Weka kiwango cha metali (Metallic) kuwa 1, yaani metali tupu, kisha punguza ukwaruzo (Roughness) kwenye ukingo wa makali tu, mahali jiwe la kunolea lilipopita, ili mwanga ukatike hapo mchezaji anapougeuza. Iwapo hadithi yako inahusu upanga uliofukuliwa, paka kijani kwenye mabonde na pembe za mpini, na hapo metali iwe 0, kwani kutu haiakisi mwanga kama shaba tupu.

Hatua ya 5. Sogeza kitovu cha umbo hadi katikati ya mpini, mahali kiganja kinaposhika, kisha hamisha faili kwa muundo wa glTF, muundo wa faili za 3D unaosomwa na programu nyingine.